Mwanafunzi Aliyepo na Yule Tunayemkumbuka



Kuna lalamiko ambalo limekuwa kama kiitikio katika vikao vyetu, kuanzia Bihambwe na Matanda hadi Goma mjini: ya kwamba wanafunzi wa vyuo vikuu wa siku hizi si wanafunzi. Hawajui kuandika barua. Hawasomi vitabu. Huingia darasani wakiwa wamechelewa, na wengine hawaingii kabisa, wanaonekana siku ya mtihani tu. Huyu ni mtu mzima mno, yule ni mama mwenye mtoto mgongoni, mwingine amefika na fedha za koltani mfukoni wala hajui kwa nini amefika. Mzee akimaliza kusema hayo hutikisa kichwa, nasi tulioketi hutikisa pamoja naye, kisha tunapita kwenye jambo linalofuata.

Nataka kulipinga lalamiko hilo, wala sitalipinga kwa upole. Si kwamba yote yanayosemwa ni uongo. Mengi ni kweli. Ila linamtwika mwanafunzi mzigo usio wake, na kuwaacha huru wale walioshika ufunguo. Mwanafunzi amebadilika, chuo kikuu hakijabadilika. Chuo bado kinamngojea kijana aliyekwisha kutoweka, na huyu aliyesimama mlangoni kinamtoza faini kwa kosa la kutokuwa yule.

Tuanze na huyo tunayemkumbuka. Lovanium ilipofunguliwa mwaka 1954 juu ya kilima nje ya Léopoldville, chini ya ulezi wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain, iliwapokea vijana makumi machache. Walikuwa wanaume. Wengi walikwisha kulelewa katika seminari na shule za misioni. Walilala bwenini, walikula mezani, walisoma kwa Kifaransa walichokizoea tangu sekondari. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1960, Wakongo wenye shahada ya chuo kikuu walikuwa hawajatimia 30. Mwanamke wa kwanza wa Kongo kuhitimu, Sophie Kanza, alimaliza Lovanium mwaka 1964, na baada ya miaka miwili tu akawa waziri. Huo ndio uliokuwa uzito wa shahada: ilimtoa mtu darasani na kumketisha serikalini bila kituo cha katikati.

Lakini mwanafunzi wa namna hiyo hakuzaliwa hivyo. Alitengenezwa, tena kwa gharama. Kuna aliyelipia kitanda chake, chakula chake na taa yake ya usiku. Alipotengwa na shamba, mifugo na watoto, hakubaki na kazi nyingine isipokuwa kusoma. Tukimsifu kwa bidii yake bila kutaja kitanda na sahani, tunasimulia nusu ya habari.

Kisha yakaja yaliyokuja. Tarehe 4 Juni 1969 askari waliwapiga risasi wanafunzi wa Lovanium walioandamana mjini Kinshasa. Mwaka 1971 wanafunzi waliingizwa jeshini kwa nguvu, na mwaka huohuo vyuo vikuu vitatu vya nchi, kile cha Kikatoliki, kile cha Kiprotestanti cha Kisangani na kile cha serikali cha Lubumbashi, vikaunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire. Muungano huo ulivunjwa mwaka 1981, lakini vitanda na sahani havikurudi kama zamani. Ilipofika 1989 serikali, ikiwa imelemewa, ikawaruhusu watu binafsi na makanisa kufungua vyuo vyao. Ndipo Askofu Emmanuel Kataliko alipoanzisha Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben mjini Butembo, na Bukavu nayo ikapata chuo kikuu chake cha Kikatoliki.

Kwetu, chuo kikuu cha serikali cha Goma kilianza mwaka 1993 kama tawi la Chuo Kikuu cha Kisangani. Wazee wa Masisi na Walikale hawahitaji kuambiwa 1993 ulikuwa mwaka gani. Machi ya mwaka huo damu ilimwagika Ntoto, katika Walikale, na moto ukaishika Masisi nzima. Chuo kikuu chetu na vita yetu ni mapacha wa mwaka mmoja. Ni wanafunzi wachache mno wa milima hii waliowahi kuanza na kumaliza masomo yao humo bila kijiji chao kukimbia hata mara moja. Hata hivyo, ratiba hupangwa kila Oktoba kana kwamba vita ni mvua ya ghafla, itakayopita kabla ya mitihani.

Basi mtazame anayekuja leo kutoka Bihambwe. Barabara yake hupita Mushaki na Sake, na tangu 2023 vituo hivyo vimebadilisha mikono, vingine zaidi ya mara moja. Mwisho wa Aprili 2024 Rubaya ilitwaliwa na M23. Januari 2025 ikafuata Masisi-kati, kisha Sake, kisha Goma yenyewe. Familia zilizokuwa zimekimbilia Bulengo na Lushagala ziliamriwa Februari ya mwaka huo kubomoa vibanda na kurudi zilikotoka, ingawa nyingi hazikuwa na nyumba wala mbegu huko zilikoambiwa zirudi. Benki za Goma zilifunga milango. Fedha zikahamia kwenye simu, na kila anayezituma au kuzitoa hukatwa. Ng'ombe ambaye baba angemuuza ili kulipa minervali alikwisha kuswagwa na wenye bunduki, na ni bure kuuliza bunduki za upande gani, kwa kuwa ng'ombe wa Masisi wameliwa na pande zote.

Mwanafunzi huyu hana anwani. Muhula wa kwanza ameusoma mjini, wa pili umemkuta njiani. Ndiye tunayemwona amechelewa darasani. Ndiye asiyekuwa na vitabu. Na Kifaransa chake kina nyufa kwa sababu shule yake ya msingi ilifungwa na kufunguliwa mara nyingi, na darasa lake lilitumiwa kama makazi ya wakimbizi, au ya askari. Tunataka aandike barua bila kosa. Nani alimpa miaka sita mfululizo ya kujifunza kuiandika?

Hapa ndipo hasira yangu inapokaa, nanyi mniruhusu nikae nayo kidogo. Tangu mwaka wa masomo wa 2021-2022 masomo ya juu nchini yameingizwa katika mfumo wa LMD: lisansi ya miaka mitatu, masta ya miaka miwili, udaktari wa miaka mitatu. Kila mwaka una krediti 60, lisansi nzima 180. Faida kuu ya mfumo huu tulitangaziwa kwa sauti kubwa: krediti aliyoipata mtu ni mali yake, haifutiki, anaweza kwenda nayo chuo kingine, hata nchi nyingine. Mfumo wenyewe umetoka Ulaya, katika makubaliano yaliyotiwa sahihi Bologna mwaka 1999, ili kijana aliyeanza masomo Lille aweze kuyamalizia Lisbon pasipo kurudi mwanzo. Sasa nauliza: ikiwa kuna mtu duniani anayehitaji krediti inayosafiri, je, ni huyo wa Lille anayehama kwa kupenda, au ni huyu wa Bihambwe anayehamishwa na mizinga?

Na ni huyu hasa anayenyimwa. Chukueni binti aliyefaulu krediti 40 kati ya 60 za mwaka wake wa kwanza katika masomo ya uuguzi. Mapigano yanamtupa upande wa pili wa mstari. Akifika chuo kingine anaombwa hati ya alama. Anaandika kule alikotoka. Anajibiwa kwamba hati itatolewa deni la minervali likiisha. Deni hana cha kulilipia, ndiyo maana ni deni. Basi krediti zake 40 zinabaki kabatini, katika jengo asiloweza kulifikia, naye anaketi tena katika mwaka wa kwanza, akilipa mara ya pili kwa masomo aliyokwisha kuyafaulu, iwapo atapata wa kumlipia. Wengi hawaanzi upya. Wanaishia hapo, nasi tunasema wameacha shule.

Sitaji chuo, kwa kuwa desturi hii haina mwenyewe; imeenea kwa serikali, kwa binafsi, na nasema kwa uchungu, hata mahali penye msalaba juu ya lango. Mkopeshaji wa Sake akichukua jembe la mkulima kama rehani, soko lote litamcheka, maana amemnyima mdaiwa chombo cha kulipia. Hati ya alama ni jembe. Anayeishikilia hamlazimishi mwanafunzi kulipa; anahakikisha kwamba hatalipa kamwe.

Nimesikia utetezi, na si utetezi wa kijinga. Wakuu wa vyuo husema: serikali haitulipi, au hulipa wachache na kuwaacha asistenti wengi wakingoja majina yao yaingizwe katika orodha ya mishahara kwa miaka, minervali ndiyo inayonunua chaki na kuwapa walimu nauli, tukitoa hati bila malipo, nani atalipa tena? Ni kweli kwamba kwa zaidi ya miaka thelathini wazazi ndio waliobeba vyuo vya nchi hii mabegani, hata vile vinavyoitwa vya serikali. Lakini deni linaweza kuandikwa kama deni. Linaweza kutiwa sahihi na mwanafunzi na mdhamini wake, likapewa muda, likadaiwa mbele ya wazee au mbele ya sheria, kama deni la mtu yeyote. Kitu kisichoweza kuwa dhamana ya deni ni ushahidi wa kile ambacho mtu anakijua. Profesa aliyempa binti yule alama 14 juu ya 20 alitoa ushuhuda. Ushuhuda hauuzwi, wala haufungiwi kabatini.

Tena, wanaolia juu ya fedha za chuo wangesikika vizuri zaidi kama hawangekaa kimya juu ya silabusi za lazima. Mnajua ninachosema: daftari la kurasa sitini, lililopigwa chapa mwaka wa zamani, ambalo kila mwanafunzi lazima alinunue kwa bei isiyo na uhusiano na karatasi, na jina lake liandikwe kwenye orodha ya walionunua, na orodha hiyo ikae karibu na daftari la alama. Mnajua pia juu ya alama zinazodaiwa kwa mwili wa binti. Tunayanong'ona hayo, na siku ya Jumapili mhusika anasoma somo la kwanza kwa sauti nzuri.

Turudi kwa wale wengine wanaotikisiwa kichwa. Mwalimu, kwa mfano. Yuko katika kila shule ya sekondari ya Masisi: ana miaka arobaini kasoro, anafundisha kwa diploma ya serikali, D6 kama inavyoandikwa katika orodha ya mishahara, au kwa gradua, yaani G3. Anapenda kuendelea, na wanamwambia amechelewa. Gradua yake aliisoma miaka mitatu. Sasa anaona vijana aliowafundisha yeye mwenyewe wakisoma miaka mitatu na kuitwa wenye lisansi, huku yeye akibaki mwenye gradua, cheo ambacho mfumo mpya umekifuta. Miaka ni ileile, jina limepanda. Mtu aliyetunga mageuzi haya pale Kinshasa hakuwa na nia mbaya, lakini hakumfikiria mwalimu wa Bihambwe hata kwa dakika moja. Angemfikiria, angeweka tangu siku ya kwanza daraja fupi na la wazi la kumvusha, krediti kadhaa za kukamilisha, zinazosomwa wakati wa likizo, karibu na anakoishi. Badala yake mwalimu anaambiwa aje Goma, apange chumba, aache darasa lake la wanafunzi hamsini. Akikubali, hao hamsini watakosa mwalimu. Akikataa, yeye ndiye anayeitwa mvivu.

Na akijiandikisha masomo ya jioni, anaingia darasani saa kumi na moja, saa ileile ambayo katika mfano wa Injili mwenye shamba alitoka kwa mara ya mwisho kutafuta wafanyakazi. Wale wa saa kumi na moja hawakuwa wavivu. Hakuna aliyekuwa amewaajiri. Walionung'unika ni wale wa asubuhi. Nashangaa kwamba sisi tunaousikia mfano huo mara nyingi hivyo tunajikuta, kila inapotajwa habari ya wanafunzi watu wazima, tumekaa upande wa wanaonung'unika.

Mama mwenye mtoto mgongoni simwelezi kwa kirefu, kwa kuwa jibu lake ni fupi. Mwaka 1964 alikuwa mmoja, na nchi nzima ilijua jina lake. Leo wanajaza viti, wakitoka kunyonyesha, wakitoka sokoni, wakitoka kuwazika waume. Kizazi kilichopita kingeliita jambo hilo muujiza. Sisi tunaliita kushuka kwa kiwango, na hakuna hata chumba kimoja chenye mkeka ambamo dada yake angemshika mtoto kwa saa mbili za mtihani.

Kijana wa koltani naye anasemwa vibaya kuliko wote. Makadirio yanayorudiwa kila mahali husema kwamba Rubaya peke yake hutoa karibu asilimia 15 ya koltani ya dunia nzima. Mtoto aliyekulia kando ya mlima huo amebeba mifuko tangu kabla ya ndevu, amewaona wenzake wakifunikwa na udongo, na sasa ana akiba ndogo anayotaka kuigeuza kuwa kitu kisichoweza kuporomoka. Mnasema hajui kwa nini amekuja chuoni. Nadhani anajua vizuri kuliko mtoto wa mkurugenzi. Asichokijua ni kozi gani aichukue, maana hakuna aliyeketi naye kumweleza, na kwenye dirisha la kujiandikishia hakuulizwa neno isipokuwa risiti.

Lakini kiwango, mtaniambia, kiwango! Vyuo vimejaa, walimu ni wachache, kila mwenye ukumbi wa mabati anaandika "chuo kikuu" juu ya mlango. Je, tufungue tu milango na kunyamaza? La. Vyuo vya mabati vifungwe, nami nitapiga makofi. Mwanafunzi asiyefaulu asifaulishwe. Kumpokea mtu si kumpa zawadi ya alama. Anayempa mkimbizi alama za huruma anamdharau mara ya pili. Ninachokataa ni hoja kwamba ubora wa chuo hutokana na kuchagua nani asiingie. Kipimo cha mganga si kuwafukuza wagonjwa wenye homa kali.

Na ikiwa mnataka kipimo, kipo kimoja ambacho hatukuagiza ng'ambo. Mwenye heri Floribert Bwana Chui, aliyezaliwa Goma mwaka 1981, hakusoma Lovanium. Alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha Goma, chuo changa, katika miaka ya vita, pamoja na vijana waliotoka popote palipotoka watu. Alipofanya kazi katika ofisi ya ukaguzi wa bidhaa alikataa rushwa ili chakula kilichoharibika kisipite mpakani na kuliwa na maskini; akauawa Julai 2007, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza mwenye heri, mjini Roma, katika Basilika la Mtakatifu Paulo. Nimesikia watu wakimsifu kwa imani yake, na ni haki. Ila alipotazama hati za mzigo ule alitumia pia kile alichofundishwa darasani: kwamba kanuni ina maana, na sahihi ya mtu ina uzito. Hilo lilitoka katika ukumbi wa chuo ambacho waliosoma zamani walikuwa wakikidharau.

Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika hati yake ya mwaka 1990 juu ya vyuo vikuu vya Kikatoliki, Ex Corde Ecclesiae, aliweka wazi kwamba chuo cha Kikatoliki kina wajibu wa kuwafungulia njia wale wanaoweza kufaidika na masomo hayo, hasa maskini na wale ambao kwa desturi wamenyimwa. Hati hiyo haisemi: mkiwa na nafasi. Inafaa isomwe upya na kila mweka hazina wa chuo chenye jina la mtakatifu, kabla hajafunga kabati la hati za alama.

Wako watakaosema huu si wakati wake: mji una utawala mwingine, mtihani wa serikali unaotungwa Kinshasa lazima uvuke mstari wa vita ili kumfikia mtoto wa Masisi, shahada nayo lazima itambuliwe na wizara iliyo upande wa pili, tungoje amani. Nami nasema, kwa sababu hiyohiyo, tusingoje. Wakati wa amani hati ya alama inayocheleweshwa ni usumbufu. Wakati wa mamlaka mbili ni hukumu, kwa kuwa asiyekuwa na karatasi yoyote mkononi hawezi kujieleza kwa upande wowote. Kuna vyuo vilivyochomwa, kuna kumbukumbu zilizoporwa. Nani atathibitisha krediti za binti yule kama kabati lenyewe litateketea?

Na kuna tarehe nyingine ambayo ningependa tuitazame tukiwa macho. Septemba 2019 elimu ya msingi ilifanywa bure katika shule za umma, zikiwemo shule zetu za Kikatoliki zilizo chini ya mkataba wa 1977 na serikali. Madarasa yalifurika, walimu wa Masisi walihesabu watoto mia moja na zaidi mbele ya ubao mmoja. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza siku ile, akivuka kila mwaka bila kukwama, atamaliza sekondari mwaka 2031. Wengi watakwama, vita imekwisha kuwakwamisha, lakini hata nusu yao wakifika watakuwa kundi ambalo vyuo vya Kivu havijawahi kuliona. Watakuwa watoto wa wazazi wasiosoma. Wengi wao watakuwa wasichana. Watakuwa wamesoma kwa vipande, katika wilaya mbili tatu, chini ya bendera zaidi ya moja. Hawatafanana hata kidogo na kijana wa 1954, na kuwalaumu kwa hilo kutakuwa sawa na kulilaumu Ziwa Kivu kwa kutokuwa mto.

Kwa hiyo naomba kitu kidogo, na nakiomba kwetu kabla ya kukiomba kwa wizara. Walei wenzetu walio maprofesa na asistenti waache biashara ya silabusi, waziweke kwenye simu za wanafunzi bure. Wanaweza kuanza kesho, hakuna waziri anayewazuia. Walei walio katika mabaraza ya vyuo vya Kikatoliki wapeleke pendekezo moja la sentensi moja: hati ya alama itolewe kwa kila aliyehamishwa na vita, na deni liandikwe kando. Parokia zenye ukumbi na paneli ya jua, ziwashe taa hadi saa tatu usiku, siku tatu kwa juma, kwa ajili ya mwalimu yule wa G3 na wenzake.

Lakini hatuwezi kumtetea tusiyemjua, na mpaka leo hakuna kamati yetu inayoweza kusema wanafunzi wa masomo ya juu kutoka Bihambwe, Matanda na Mushaki ni wangapi, wako wapi, na wamekwama wapi. Orodha hiyo inaweza kuanza Jumapili hii baada ya Misa. Jina, chuo, mwaka wa masomo, krediti alizofaulu, deni analodaiwa. Kabila lisiulizwe. Na orodha yenyewe, kwa hali ilivyo, isibandikwe ukutani. Ikae kwa paroko.